Kalenda Yangu ya Uziwi wa Ghafla

Mmeniomba niandike kidogo juu ya miaka yangu ya kazi, ninyi vijana mliobaki pale zahanati na bomba langu la kuoshea masikio. Nimetii, kwa kuwa mstaafu hana kisingizio cha shughuli. Sitaeleza nilipandishwa cheo lini. Barua zenyewe zilichelewa hivi kwamba nyingine zilinikuta nimeshasahau niliomba nini. Namshukuru Mungu kwa zote, hata zile ambazo hazijafika mpaka leo, nami naendelea kuzingoja kwa subira. Nitaandika juu ya masikio, hasa yale yanayolala yakiwa mazima na kuamka yamekufa. Hayo ndiyo yaliyonifundisha kazi, na moja kati ya hayo lilinifundisha kwa gharama ambayo haikulipwa na mimi.

Nilifika Kawangware miaka mitano baada ya uhuru, nikitoka Magharibi mwa Kenya, nikiwa na cheti cha uuguzi, Biblia, na koti zito ambalo mama alinishonea kwa sababu alisikia Nairobi watu hufa kwa baridi. Zahanati ilikuwa vyumba viwili vya mabati kwenye njia ya kwenda Riruta. Chuoni nilikuwa nimefaulu vizuri sana katika uzalishaji wa akina mama, kwa hiyo, kama ilivyo desturi ya ofisi zetu, nilipangiwa masikio.

“Unaonekana mtu wa subira,” mkuu wa zahanati aliniambia. Baadaye nilikuja kujua kwamba alimwambia hivyo kila aliyekuwa anampa kazi isiyotakiwa na wengine.

Aliyenipokea katika chumba cha masikio alikuwa Mzee Odera, tabibu mwenye mvi kutoka upande wa ziwa. Watu wote walimwita Daktari, naye alikuwa amechoka kuwasahihisha. Hakunikaribisha kwa hotuba. Alinipa karai la maji, akaniambia nichovye sehemu ya ndani ya kifundo cha mkono.

“Yako aje?” akauliza.

“Ya baridi kidogo, Daktari.”

“Basi ukimwaga hayo kwa sikio la mtu, dunia itazunguka, atatapika juu ya hilo koti lako zuri. Chemsha tena. Yakiwa hayana baridi wala moto, hata usiyasikie, hapo ndiyo sawa.”

Wiki nzima ya kwanza nilikuwa mpimaji wa maji. Wiki ya pili niliruhusiwa kuvuta sikio la mgonjwa juu na nyuma ili njia inyooke. Wiki ya tatu nilishika bomba lenyewe, lile la chuma lenye pete mbili za vidole, nikasukuma, na kipande cha uchafu mweusi kama kokwa la zambarau kikaanguka kwenye kibakuli. Mgonjwa, mpishi wa nyumba za wakubwa kule Lavington, akageuka akaniambia nisipige kelele, kumbe nilikuwa nanong’ona. Nimeona miujiza michache maishani, lakini huo ndio pekee ambao ulihitaji sabuni baadaye.

Kifaa cha pili alichonifundisha Mzee Odera kilikuwa uma wa chuma wenye meno mawili, mrefu kama kalamu. Unaupiga kwenye goti lako, unaanza kulia, kisha unausimamisha katikati ya paji la uso wa mgonjwa na kumwuliza anausikia upande gani. Hilo tu. Kama sikio limezibwa na kitu, sauti hukimbilia kwenye sikio lile lile bovu. Kama sikio limekufa kwa ndani, kwenye neva, sauti hukimbilia kwenye lile zima. Msioamini, zibeni sikio moja kwa kidole sasa hivi, mfunge midomo na kuvuta sauti puani, mtaona inakwenda kujificha wapi.

“Macho yako yanaweza kuona uchafu mahali ambapo uchafu siyo kesi,” Mzee Odera alizoea kusema. “Piga chuma kwanza. Chuma hakina maoni.”

Nilitikisa kichwa kwa heshima, kama tunavyotikisa kanisani wakati wa mahubiri yanayowahusu wengine.

Mzee Odera alipostaafu na kurudi kwao, aliniachia chumba, bomba, uma uliofungwa kwenye kitambaa, na daftari kubwa la wagonjwa. Daftari hilo ndilo lililoniharibu. Kwa asili mimi ni mtu wa kupanga, na nilipoanza kusoma kurasa zake za nyuma niligundua kwamba watu wa Kawangware na Kibera hawazibwi masikio ovyo ovyo. Wanazibwa kwa zamu.

Januari walikuja waliotoka mapumziko ya Krismasi nyumbani, Magharibi au ziwani. Nairobi haina mbu wa maana, kwa hiyo mtu akikaa mjini miaka mingi damu yake husahau malaria. Akienda kusalimia wazazi, malaria humkumbusha. Alirudi mjini akimeza kwinini, masikio yakapiga filimbi na kuwa mazito, naye akaja kwangu kulalamika kwamba jirani amemroga kwa sababu ya kuku aliowabeba kutoka nyumbani. Kwinini ikiisha, masikio yalirudi na uchawi ukaisha, ingawa jirani hakuombwa radhi.

Julai, mwezi wa baridi, walikuja wenye pamba. Kila mama alijua kwamba baridi huingilia masikioni, kwa hiyo alijiziba, akasahau, akaziba tena juu yake. Kijana mmoja fundi viatu wa Kibera nilimtoa vipande vitatu kutoka sikio moja, cha mwisho kikiwa na rangi ya mwaka uliotangulia. Wengine walimimina mafuta taa, kwa sababu zilizowatosha wao.

Novemba, mvua ndogo zikianza, walikuja wenye kumbikumbi. Msiwacheke. Ninyi hamjapata kusikia mdudu akipiga mabawa ndani ya kichwa chenu.

Na Pasaka walikuja waliobatizwa. Hapa niwe mkweli, maana mimi ni mzee wa kanisa na uongo wangu unahesabiwa mara mbili. Katika kanisa nililolelewa hatubatizi kwa maji. Tunafundishwa kwamba ubatizo ni kazi ya Roho moyoni. Lakini makanisa mengi ya kanzu nyeupe, yale yanayopita na ngoma kila Jumapili, yalizamisha watu wao wakati wa Pasaka, wengine kwenye mto ulio bondeni, wengine kwenye bwawa la chini ya Kibera. Kuzamishwa kulikuwa kwa kweli: mara tatu, kichwa na vyote. Sasa, mtu mwenye nta kavu sikioni akizamishwa mara tatu, ile nta hunywa maji, huvimba, na kufunga mlango. Jumapili anaingia majini akisikia, Jumatatu anaamka kiziwi. Wachungaji wao waliwaambia ni Roho aliyefunga masikio yao wasisikie mambo ya dunia, na wasubiri siku saba yafunguke. Na mengi yalifunguka, nta ilipokauka. Yaliyobaki yaliletwa kwangu, nami niliyafungua kwa maji mengine, huku nikitabasamu tabasamu la mtu ambaye kanisa lake halimpi kazi ya aina hiyo.

Nilichora haya yote kwenye karatasi kubwa, miezi kumi na miwili, kila mwezi na rangi yake, nikaibandika ukutani. Nikaiita Kalenda ya Uziwi. Daktari mgeni wa masikio, ambaye alitutembelea kutoka hospitali kubwa mara moja kila baada ya miezi mitatu gari lake likikubali, alisimama mbele yake akaitazama muda mrefu.

“Sista, hii umeifanya mwenyewe?”

“Kwa neema ya Mungu, Daktari.”

Neema ya Mungu niliitaja kwa unyenyekevu mkubwa, kama mtu anavyotaja jina la tajiri aliye mjomba wake.

Shida ya kalenda hiyo ni kwamba ilikuwa sahihi. Ingekuwa ya upuuzi ningeichana mwaka wa kwanza. Lakini mgonjwa alipoingia mlangoni nilitazama kwanza ukuta, kisha mtu, na kwa kawaida ukuta ulikuwa umeshajibu. Foleni ilikwenda haraka. Mkuu wa zahanati alifurahi. Uma wa Mzee Odera ulilala kwenye droo, ndani ya kitambaa chake.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, Jumanne baada ya Pasaka, alipoingia Fundi Wanjala. Nilimfahamu, kama nusu ya Kawangware ilivyomfahamu. Alikuwa na kibanda cha kutengeneza redio karibu na kituo cha Satellite, meza moja, betri ya gari, na redio zilizofunguliwa matumbo. Hakuwa na mashine ya kupimia. Alipimia masikio. Aliinamisha kichwa juu ya redio, akageuza kitufe polepole, na kwa mlio tu alikuambia ni waya, ni spika, au ni mtoto wako amemwagia uji. Watu walisema Wanjala husikia redio ikitaka kuharibika.

Alikuja na mkewe Rodha. Kanzu nyeupe ya ubatizo ilikuwa imefuliwa tayari. Niliiona imekunjwa kwenye kikapu cha mkewe.

“Sista, hii sikio ya kushoto imekufa,” Wanjala alisema. “Jana nimeamka, ni kama mtu ameijaza unga. Na kuna kitu inapiga shhh, shhh, kama redio imekosa stesheni. Nikisimama haraka, naenda upande.”

“Ulibatizwa Jumapili?”

“Ndiyo.”

“Mara tatu?”

“Mara tatu, Sista. Kwani wewe ulikuwa huko?”

Wagonjwa waliokuwa kwenye benchi walicheka, nami nilicheka zaidi yao. Rodha hakucheka.

“Mchungaji amesema akae siku saba,” Rodha akasema. “Ati Roho anafanya kazi. Mimi nikamwambia huyu, Roho afanye kazi yake, na sisi twende kwa Sista aangalie. Wamenikasirikia huko. Lakini sikio ndiyo kazi yake, Sista. Sikio ndiyo unga yetu.”

Nawaandikia maneno yake kama alivyoyasema kwa sababu nimeyarudia kichwani kuliko mistari mingi ya Zaburi. Mama huyu aligombana na kanisa lake ili amlete mumewe kwangu kwa wakati. Siku ya pili. Hakuna mgonjwa anayeweza kufanya vizuri zaidi ya hapo.

Niliangalia ndani kwa tochi. Kulikuwa na nta, si nyingi, kipande cha kunitosha mimi. Nikapasha maji, nikayapima kwenye kifundo cha mkono kwa ufundi wote niliofundishwa, nikavuta sikio juu na nyuma, nikasukuma bomba. Kipande kikaanguka. Nikamwonyesha kibakulini kama mvuvi anayeonyesha samaki.

“Hicho ndicho kilikuwa kinasema shhh,” nikamwambia.

Wanjala alikitazama. Akakwaruza vidole viwili karibu na sikio la kushoto, jinsi mafundi wa redio wanavyofanya.

“Bado sisikii, Sista.”

“Maji kidogo yamebaki ndani. Na ngozi imevimba. Litafunguka lenyewe.”

“Na hii kizunguzungu?”

“Ni maji.”

“Nitulie mpaka lini?”

“Rudi wiki ijayo.”

Mchungaji wake, ambaye hakusoma zaidi ya darasa la nne, alimwambia asubiri siku saba. Mimi, mwenye cheti, kalenda ya rangi na sifa za daktari mgeni, nilimwambia asubiri siku saba. Tofauti yetu ni kwamba mchungaji hakumtoza pesa ya karatasi ya zahanati. Nikaandika kwenye daftari, “Nta, kushoto. Imetolewa.” Nikaita anayefuata.

Alirudi Jumanne nyingine asubuhi kabla hatujafungua. Nilipomwona amesimama na sikio la kulia limeelekezwa kwangu, nilijua. Mtu anayesubiri sikio lifunguke hashiki kichwa namna hiyo. Namna hiyo hushikwa na mtu ambaye ameshaanza kuzoea.

Nikafungua droo. Nikatoa uma, nikaupiga gotini, nikausimamisha katikati ya paji lake.

“Unasikia upande gani, Fundi?”

“Huku.” Akagusa la kulia, lile zima.

Nikapiga tena. “Sasa?”

“Huku huku.”

Nikapiga mara ya tatu, kama kwamba chuma kingenionea huruma.

“Sista,” akasema taratibu, “hiyo kitu haitabadilisha maneno. Mimi najua kupima. Sema tu.”

Niliandika barua, na kesho yake nikaomba ruhusa nikampeleka mwenyewe hospitali kubwa mjini. Daktari mgeni ndiye aliyempima. Alituambia ni neva, na kwamba jambo hilo huja ghafla, na mara nyingi hakuna anayejua kwa nini. Maji ya bwawa hayakuwa na hatia. Akampa vidonge. Wanjala alipotoka kwenda kuvichukua, daktari alinibakiza nyuma.

“Amekaa siku ngapi?”

“Alikuja kwangu siku ya pili.”

Akahesabu siku kwa vidole. Kisha akasema, “Vidonge hivi vikianza mapema, kuna nafasi. Si hakika, Sista, nafasi tu. Sasa tumwombe Mungu.” Alikuwa mtu ambaye sikupata kumsikia akimtaja Mungu, ila pale gari lake lilipokataa kuwaka. Hapo nikaelewa hali ilivyo.

Sikio halikurudi. Na kama lingekufa kimya, Wanjala angesalimika, maana fundi anaweza kufanya kazi kwa sikio moja. Ni ule mlio. Shhh ilibaki mchana na usiku, na sasa kila redio aliyoiinamia ilikuwa na shhh. Hakuweza kujua ni ya redio au ni yake. Akafungua redio nzima akitafuta ugonjwa usiokuwemo, akalegeza waya zilizokuwa imara. Watu walianza kuzipeleka redio zao Dagoretti.

Rodha alinieleza haya mwezi mmoja baadaye, alipoleta mtoto wa dada yake kuchomwa sindano.

“Redio ya Mama Njeri ameifungua mara nne,” alisema. “Mama Njeri anamwambia, Fundi, hii ilikuwa inaongea vizuri mpaka ukaigusa. Jana ameniambia anataka tufunge kibanda, turudi nyumbani tulime. Nikamwuliza, tulime wapi? Shamba limegawanywa kwa ndugu watano. Hata mahindi itasimama kwa zamu.”

Hakunilaumu. Alidhani nilifanya yote yaliyowezekana, maana nilimpeleka mpaka hospitali kubwa, na mtaani alinisifu kwa hilo. Mnaweza kufikiri ni sifa ngapi mtu anaweza kumeza kabla hazijamkaba. Mimi nilimeza kwa wiki nyingi. Nilitubu kwa Mungu kila alfajiri, kwa machozi na kwa maneno mazuri. Mungu ni mwingi wa rehema na hana kibanda Kawangware, kwa hiyo ilikuwa rahisi.

Katika wiki hizo niliiondoa kalenda ukutani, nikakaa na daftari nikitafuta wale wagonjwa ambao hawakuwa na nta, pamba, kwinini wala kumbikumbi. Walikuwepo, wachache, wamefichwa katikati ya wengine kama mawe ndani ya maharagwe. Nilitaka sana wawe na mwezi wao. Hawakuwa nao. Walikuwa kila mahali: mmoja Februari, mmoja Septemba, wawili katika baridi ambao niliwaandikia “pamba” bila kuandika kama niliitoa. Nikaona na jambo lingine lililoniaibisha zaidi. Wayaya na wapishi walijaa mwisho wa mwezi, vibarua walijaa siku za mvua ambazo hakuna kazi ya mjengo. Daftari langu halikuonyesha masikio yalikufa lini. Lilionyesha wenye masikio walipata ruhusa lini.

Haya ndiyo niliyomweleza daktari mgeni alipokuja, na ndiyo mnayopaswa kuchukua kutoka kwangu kama hamchukui lingine. Misimu ipo, sikatai. Nta hupenda Pasaka na pamba hupenda Julai. Lakini uziwi wa ghafla ulio wa kweli unajua kuvaa nguo ya msimu wowote unaoukuta. Kila anayewaambia sikio limezimika leo au jana, pigeni chuma kabla ya kuwasha tochi. Sauti ikikimbilia sikio zima, barua iandikwe saa hiyo hiyo, hata kama amelowa maji ya ubatizo na pamba inaning’inia.

Kumweleza daktari kulikuwa kugumu kidogo. Kumweleza mwenye sikio nilikuahirisha mpaka sikuwa na tarehe nyingine ya kuahirishia. Jumamosi moja mchana, baada ya kazi, nilikwenda kibandani. Nilichukua redio yangu mkononi ili nionekane nina sababu. Haikuwa na ubaya wowote.

Wanjala alikuwa ameinama mezani, na Rodha amekaa upande wake wa kulia, kichwa karibu na spika ya redio kubwa ya mbao. Wanjala aligeuza kitufe. Rodha aliinua kidole. Aligeuza tena; kidole kikashuka.

“Hapo iko shhh?”

“Hapana. Ni safi. Hiyo ni yako.”

“Na hapa?”

“Hapa iko. Kidogo, kama mtu anakaanga mayai nyumba ya tatu.”

“Basi ni waya ya chini,” Wanjala akasema, akachukua chuma cha kuchomea. Mke amekuwa masikio, mume mikono, na redio moja baada ya nyingine ilikuwa imepangwa rafuni ikiongea. Si nyingi kama zamani. Lakini zipo.

Rodha alinisalimia, akaenda kununua risasi ya kuchomelea kwa jirani. Nikaketi kwenye kiti cha wateja, kile cha mbao kilicho upande wa kushoto wa meza, nikaanza kabla ujasiri haujaisha. Nilianzia mbali. Nilianza na Mzee Odera na maji ya karai. Nilieleza kalenda, na wingi wa wagonjwa wa Pasaka, na uhaba wa wafanyakazi, na kwamba nta kwa kweli ilikuwepo na yeye mwenyewe aliiona. Nilieleza udhaifu wa kibinadamu. Nilinukuu Warumi. Mwisho nikasema naomba unisamehe, nikainamisha macho kungoja.

Wanjala aliendelea kuchomelea. Moshi mdogo ulipanda. Baada ya muda aligeuza kichwa kuchukua koleo, akaniona nikipangusa uso.

“Sista, unaongea na mimi?”

“Ndiyo, Fundi.”

“Pole sana. Umekaa upande umekufa. Kuja huku, uanze tena.”

Nilikuwa nimetumia karibu robo saa nikitubu kwenye sikio nililoliacha life mwenyewe.

Nikainuka, nikazunguka meza. Upande wa kulia hapakuwa na kiti ila kile cha Rodha, nami sikuthubutu kukikalia. Nikasimama pale kama mtoto wa shule mbele ya mwalimu. Kalenda sikuitaja. Wala Warumi, wala foleni.

“Fundi, ulikuja siku ya pili. Nilikuwa na chuma kwenye droo na sikukitoa. Nilikurudisha nyumbani wiki nzima. Kama ningepima siku ile, kulikuwa na nafasi.”

Aliweka chuma cha moto juu ya tofali lake. Rodha alirudi, akatuona, akabaki amesimama mlangoni na risasi mkononi.

“Nafasi kubwa?” Wanjala aliuliza.

“Sijui. Hakuna anayejua. Nafasi.”

Akatikisa kichwa polepole. Kisha akachukua redio yangu kutoka mikononi mwangu, akaiwasha, akaigeuza, akamtazama mkewe.

“Haina kitu,” Rodha akasema. “Iko safi kabisa.”

“Najua,” Wanjala akasema. “Mletee Sista kiti upande huu.”